Ganda la Kahawa Si Pumba

Ndugu mkulima, ndugu mfugaji, na wewe mfanyabiashara wa vyakula vya mifugo,

Kuna neno linatembea siku hizi kuanzia Kalinzi na Manyovu mpaka sokoni Ujiji, kwamba maganda ya kahawa ni chakula cha kuku cha bure. Wapo wanaoyakausha, wanayatwanga, wanayachanganya na pumba za mahindi na kuyauza kwa debe. Pumba zikipanda bei, neno kama hilo halikosi wasikilizaji. Mimi nasema bila kuzungukazunguka: ni neno baya, linatia hasara, na anayeuza mchanganyiko huo bila kumwambia mnunuzi kilichomo anamuuzia sumu.

Najua jibu ambalo liko mdomoni mwako. "Mbona sisi wenyewe tunainywa kahawa kila siku na hatufi?" Wazee wa Ujiji wako barazani na vikombe vyao vidogo, tangawizi ndani, kashata pembeni, bao katikati, na wanazidi kuzeeka vizuri tu. Ni kweli, na swali ni la haki. Ngoja tulijibu taratibu, maana humo ndimo watu wanamopotelea.

Ndani ya kahawa kuna kitu kinaitwa kafeini. Mkemia Mjerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, ndiye aliyekitenga kutoka kwenye punje za kahawa mwaka 1819. Ana ndugu yake anaitwa theobromini, ambaye alipatikana kwenye kakao mwaka 1841. Hawa ni watoto wa nyumba moja. Kwenye mti wa kahawa, theobromini ni hatua ya mwisho kabla ya kafeini: mti hutengeneza theobromini kwanza, halafu unaiongezea kipande kidogo na kuigeuza kafeini. Kwenye kakao, kama ile ya wenzetu wa Kyela, kazi huishia zaidi kwenye theobromini. Ndiyo maana ninapozungumzia maganda ya kahawa nitachukua na mafunzo ya kakao. Vitu hivi viwili vinaingia mwilini kwa mlango mmoja: vinachochea moyo, vinazuia usingizi, vinaongeza mkojo.

Sasa jiulize, mti unahangaika kutengeneza kitu hiki kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya baraza la Ujiji. Mwaka 1984 mtafiti James Nathanson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha kwenye jarida la Science kwamba kafeini na jamaa zake huvuruga ulaji na ukuaji wa viwavi, na zikizidi huwaua. Alipendekeza kwamba hizi ni dawa za wadudu ambazo mimea imejitengenezea yenyewe. Angalia mti unakoziweka: kwenye majani machanga, kwenye tunda, kwenye mbegu. Yaani penye ulaini, panapotamaniwa na kila mwenye meno. Tunda likianguka, kafeini huingia kwenye udongo na kuzibana mbegu nyingine zisiote karibu. Huo ni ulinzi. Mti wa kahawa umeweka walinzi kwenye ganda lake, na wewe unawachukua walinzi hao unawamwaga kwenye chombo cha vifaranga.

Hata wadudu karibu wote wanaliheshimu tunda la kahawa. Mmoja tu ameweza kweli kuishi maisha yake yote ndani ya punje, na unamjua vizuri: ruhuka, yule mdogo mweusi anayetoboa tundu kwenye kitovu cha tunda. Kwa miaka mingi watafiti walijiuliza anawezaje kula kafeini kiasi kile bila kufa. Jibu lilitoka mwaka 2015: tumboni mwake wanaishi bakteria wanaoivunjavunja kafeini kabla haijamdhuru. Watafiti walipowaua bakteria hao kwa dawa, kafeini ilipita tumboni bila kuvunjwa, na ruhuka akashindwa kuzaana vizuri. Alipopewa tena mmoja wa bakteria wale, uwezo wa kuivunja ukarudi.

Kuku wako hana bakteria hao. Mbuzi na ng'ombe, kwa kuwa wanacheua, wana vijidudu vingi tumboni na wanastahimili zaidi, na nitawarudia. Lakini kuku, nguruwe, sungura na mbwa hawana kinga ya namna hiyo.

Tuchukue kalamu

Tatizo la mazungumzo haya ni kwamba kila mtu anasema "kidogo tu hakidhuru" na hakuna anayepima hicho kidogo. Tupime.

Ukimenya kilo 100 za kahawa mbivu, karibu kilo 40 zinazotoka ni maganda mabichi. Mengi ni maji. Ukiyakausha unabaki na kilo kama 8. Katika ganda lililokaushwa, kafeini ni karibu asilimia 1, wakati mwingine zaidi kidogo. Kwa hiyo kilo hizo 8 zimebeba gramu 80 za kafeini. Kikombe kikubwa cha kahawa kina takriban miligramu 100. Gramu 80 ni vikombe 800. Hayo ni maganda ya kahawa mbivu kilo 100 tu, ambazo familia moja inaweza kuzichuma kwa siku moja ya msimu.

Sasa kuku. Kuku wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku. Tuseme muuzaji ni mtu wa kiasi, amechanganya sehemu moja ya ganda kwa sehemu nne za pumba. Kuku huyo anakula gramu 24 za ganda, na ndani yake miligramu 240 za kafeini. Ana uzito wa kilo 2. Ukimpa mtu wa kilo 60 kwa uwiano huohuo, ni miligramu 7,200, yaani vikombe zaidi ya 70 kwa siku moja. Mzee gani wa Ujiji amewahi kunywa vikombe 70 vikubwa akaamka kesho yake? Kwa mtu mzima mwenye afya, wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya, EFSA, walisema mwaka 2015 kwamba miligramu 400 kwa siku hazina shida, na kwa mama mjamzito 200. Hapo ndipo jibu la swali la baraza lilipo. Wazee wanakunywa maji yaliyopita kwenye unga kidogo, kwenye kikombe cha mikunjo miwili. Kuku unamlisha ganda zima, kila siku, na hana chakula kingine cha kuchagua.

Wenzetu wa Ulaya walijifunza hili kwa kakao, na walijifunza kwa gharama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, chakula cha mifugo kilipokuwa adimu Uingereza, mabaki ya viwanda vya chokoleti yalisukumwa kwenye mabanda. Mwaka 1943 jarida la madaktari wa mifugo wa huko lilikuwa tayari linaandika habari za mifugo kupata sumu ya kakao. Sababu ilikuwa ileile ya kwetu leo: chakula kimekosekana, mabaki yapo, yanafanana na pumba, basi twende. Leo Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa theobromini kwenye chakula cha mifugo: miligramu 300 kwa kilo moja ya chakula kwa mifugo kwa jumla, 200 kwa nguruwe, na 50 tu kwa mbwa, sungura na farasi. Mchanganyiko wa yule muuzaji wetu wa kiasi una miligramu 2,000 za kafeini kwa kilo. Ukomo ule ni wa theobromini, lakini kafeini si mpole kuliko ndugu yake. Mwenye sungura azidishe mwenyewe aone amevuka mara ngapi.

Ukiingia bandani utaonaje? Kuku wanahangaika, wanakimbiakimbia bila sababu, wanadonoana, wanakunywa maji kupita kawaida, kinyesi kinakuwa majimaji, ulaji unashuka, mayai yanapungua. Vifaranga ndio hutangulia kufa. Shida ni kwamba dalili hizi zinafanana na magonjwa mengine, basi mfugaji anakimbilia duka la dawa. Nimekuta mfugaji mmoja wa milimani amenunua dawa za aina tatu kwa mfululizo, na debe la mchanganyiko bado liko pale mlangoni. Dawa zilimgharimu kuliko pumba safi ambazo alikuwa anazikwepa. Ndiyo maana nasema neno hili la "bure" ni ghali.

"Lakini Guatemala wanalisha ng'ombe"

Hoja hii huletwa na wenye simu nzuri, na ina ukweli ndani yake, kwa hiyo tusiifukuze. Taasisi ya lishe ya Amerika ya Kati, INCAP, yenye makao yake Guatemala, ilifanya kazi kubwa juu ya maganda ya kahawa, na mwaka 1979 kikatoka kitabu kizima kuhusu jambo hilo. Waligundua kwamba ng'ombe anaweza kula maganda kiasi. Wanaosambaza habari hiyo wanaacha nusu yake. Maganda yalikaushwa vizuri au kuvundikwa kwanza, yakapimwa, yakawa sehemu ndogo ya chakula chenye vitu vingine vizuri, na mnyama akazoeshwa polepole. Na walipozidisha, ng'ombe walipunguza kula, wakakojoa sana, na ndani ya mkojo ule ikatoka naitrojeni ambayo ingekuwa nyama. Pamoja na kafeini, ganda lina tanini, ile inayokausha mdomo kama ndizi mbichi, na tanini huifunga protini isisagike. EFSA nao, kwenye tathmini yao ya mwaka 2008 kuhusu theobromini, waliandika kwamba ng'ombe wa maziwa waliolishwa walipunguza maziwa.

Kwa hiyo mtu wa Guatemala ana maabara, mizani na mtaalamu wa lishe. Wewe una debe. Mbuzi mzima akijipitia akala maganda mawili matatu chini ya mashine, hafi. Lakini kumfungia mbuzi wa maziwa au ndama na kumjazia maganda mabichi kwa kuwa nyasi zimeisha, hapana. Na kafeini hupita kwenye maziwa, ambayo anayanywa mtoto wako.

Isitoshe, Kigoma hatuna sababu ya kuhangaika na ganda. Mkoa huu una michikichi. Mashudu ya mise yapo, ng'ombe na mbuzi wanayala vizuri, na kuku wanayastahimili kwa kiasi yakichanganywa na pumba na mahindi. Dagaa chenga, zile zinazobaki kwenye vichanja Kibirizi na Katonga, ndizo protini ya kuku. Watu wa mikoa mingine wanalipia usafiri kuvipata vitu hivyo viwili. Sisi tunavipita njiani, tunakwenda kutwanga ganda la kahawa.

Maji ya kahawa si dawa ya viwavi

Neno jingine, pacha wa hili la kwanza, ni kwamba ukichemsha kahawa ukapulizia mahindi, viwavijeshi wanakufa. Limetokana na utafiti wa kweli uliokatwa mkia. Mwaka 2002 watafiti wa Hawaii waliandika kwenye jarida la Nature kwamba mchanganyiko wa kafeini wa asilimia 2 uliua konokono, na kwamba hata kiasi kidogo sana kiliwafanya konokono wale kabichi kwa kusitasita. Hao ni konokono. Hakuna kiwavijeshi hapo.

Na hiyo asilimia 2 ni kitu gani? Ni gramu 20 za kafeini kwa lita moja ya maji. Kahawa yetu ya arabika ina kafeini ya asilimia 1.2 hivi, robusta ya Kagera ina karibu mara mbili ya hapo. Ili upate gramu 20 kutoka arabika, na tukubali umeikamua yote bila kubakiza, unahitaji kilo 1 na gramu 670 za kahawa safi. Kwa bomba la lita 15, kilo 25. Piga hesabu kwa bei ya msimu huu, uniambie kama kuna mkulima wa mahindi nusu eka anayeweza kulijaza bomba hilo mara moja. Halafu ujue kwamba kwa kiwango hicho kafeini huunguza majani ya mimea mingine. Watafiti walewale waliliona hilo. Kahawa ya kikombe ni dhaifu mara 40 kuliko dawa iliyofanya kazi. Unapulizia maji ya rangi, kiwavi anaendelea kula, na siku za kumdhibiti akiwa mdogo zinapita.

Nasema haya kwa wafanyabiashara pia, maana nimeona chupa zinauzwa zimeandikwa "dawa asilia ya kahawa", hazina kiwango, hazina usajili. Asilia ni neno tamu. Kafeini ni asilia. Tumbaku ni asilia. Mihogo michungu ni asilia na inaua watu.

(Wafugaji wa nyuki msishtuke. Maua ya kahawa yana kafeini kidogo sana kwenye asali yake mbichi, na mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba kiasi hicho humsaidia nyuki kukumbuka harufu ya ua na kurudi. Kitu kilekile kinachomuua kiwavi kwa wingi kinampendeza nyuki kwa uchache. Mizinga yenu karibu na mibuni iko salama.)

Kinachoshuka na Luiche

Sasa niseme na wale wasiolisha mtu maganda, wanaoyamwaga tu. Milima ya kahawa ndiko maji ya Luiche yanakoanzia, na Luiche inamwaga ziwani hapa kusini ya Ujiji, kwenye lile bonde la mpunga na mboga mnalolijua. Msimu wa kuchuma ukifika, nenda kwenye kijito chochote kilicho chini ya mashine za kumenya. Maji mekundu-kahawia, povu, harufu ya pombe iliyoharibika.

Nitakuwa mkweli: hapo mkosaji mkuu si kafeini, ni sukari. Ule utelezi wa tunda na ganda lenyewe vinaoza, na vikioza vinanyonya hewa yote iliyo ndani ya maji, samaki wadogo na wadudu wa majini wakakosa pumzi. Maji yanakuwa na ukali wa siki. Kafeini na tanini zinaongezea juu. Mwanamke anayechota chini yako hajui kama ni sukari au ni kafeini; anajua kwamba maji yananuka na mtoto anajikuna.

Wala sisemi kwamba maganda ndiyo yaliyopunguza dagaa ziwani. Lakini mwaka 2024 serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Wavuvi wa Kibirizi na Ujiji walikaa pwani wakatazama maji. Kama mvuvi anaweza kubeba mzigo huo, mwenye mashine ya kumenya kahawa hawezi kuchimba shimo? Ziwa hili lina kina cha mita zaidi ya 1,400 na maji yake hukaa mamia ya miaka kabla hayajatoka. Kinachoingia humo kimeingia. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita hizo watu wanazijua vizuri sana linapokuja suala la bustani ya mchicha ya mama mjane. Kwa mitambo ya kahawa zinasahaulika.

Hapa lawama yangu inapanda juu. Mafunzo mengi ya kahawa niliyokaa yanahusu mche, mbolea, chule buni, kutu ya majani, ubora wa punje, bei. Yote ni mema. Miche yenye ukinzani wa magonjwa iliyotoka kwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ambayo ina kituo chake hapa kwetu Mwayaya, imewaokoa watu na gharama kubwa ya dawa. Lakini karibu nusu ya uzito ambao mkulima anauchuma na kuubeba kichwani ni ganda, na kwenye mafunzo ganda linapewa sentensi moja kabla ya chai. Utafiti wa dunia nao umeegemea kikombe: kafeini na usingizi wa mnywaji, kafeini na moyo wa mnywaji. Japani mwaka 2003 walifanikiwa kuuzima mtambo wa theobromini ndani ya mche wa robusta ili kafeini ipungue, kwa kuwa kuna watu mjini wanataka kahawa isiyowanyima usingizi. Sina ubaya na usingizi wa mtu. Nataka tu na sisi tupimiwe ganda letu, la arabika hii ya Kigoma, kwa namna tunavyolikausha sisi, tujue mboji yake inachukua miezi mingapi katika baridi ya Kalinzi na mingapi katika joto la Ujiji. Hiyo si kazi ya bilioni. Ni kazi ya msimu mmoja na mtu mwenye nia.

Na halmashauri zetu: mtambo wa pamoja ukiombewa kibali, shimo la maganda na dimbwi la maji machafu viwe kwenye mchoro wa kwanza, vikaguliwe kabla tunda la kwanza halijamenywa. Vyama vya ushirika vinakata kwa kila kilo vinavyopokea. Wanachama wakiamua, makato kidogo yanaweza kuwa ya shimo. Mkutano mkuu ndio mahali pa kulisema, si kijiweni.

Cha kufanya na maganda ya msimu huu

Kumbuka ruhuka na bakteria wake. Vijidudu vinavyoweza kuivunja kafeini vipo duniani tele, kwenye udongo na kwenye samadi, pamoja na ukungu wa aina nyingi. Wape wao kazi hiyo, usimpe kuku. Hiyo ndiyo mboji.

Chagua mahali penye kivuli, mbali na mto na kisima, pasipotuama maji. Tandaza maganda unene wa shubiri moja, juu yake majani makavu au majani ya migomba nusu ya hapo, kisha samadi, kisha udongo kidogo wa juu na konzi ya majivu. Rudia mpaka kimo cha kifua. Maganda peke yake yanashikana, yanakosa hewa na kunuka, ndiyo maana majani makavu ni lazima. Funika kwa majani ya migomba. Geuza kila baada ya wiki tatu. Ukichoma mti ndani ya lundo ukautoa wa moto, kazi inaendelea. Hesabu miezi minne hadi sita. Maganda mabichi usiyatandaze kwenye kitalu wala kwenye tuta la mboga. Nimeshaeleza kafeini inazifanya nini mbegu.

Ikiiva, ipeleke kwenye migomba na kurudi kwenye mibuni yenyewe. Ganda la kahawa lina potasi nyingi na naitrojeni ya kutosha, vitu ambavyo unavinunua kwenye mfuko wa mbolea. Unapouza kahawa unauza na rutuba ya shamba lako. Ganda ndiyo sehemu ambayo mnunuzi amekuachia.

Usiamini macho wala mwezi kwenye kalenda kujua kama imeiva. Chukua makopo mawili, toboa chini. Moja weka udongo wa shamba, jingine udongo huohuo uliochanganywa na mboji nusu kwa nusu. Panda mbegu 20 za mchicha kila moja, mwagilia sawasawa, hesabu siku ya saba. Zikiota karibu sawa, mboji iko tayari. Zikiota 17 kwa kopo moja na 6 kwa jingine, kafeini na wenzake bado wamo. Geuza lundo, ngoja mwezi, jaribu tena.

Mwisho, maana nitaulizwa: lile ganda gumu jepesi la ndani, linalotoka kahawa ikishakaushwa na kukobolewa, ni kitu tofauti. Lina kafeini kidogo mno na halina lishe yoyote. Litandaze chini bandani badala ya pumba za mbao, likishalowa mbolea ya kuku liingize kwenye lundo. Kwenye chombo cha chakula nalo lisiingie.